Kuhama si Kubeba Vitanda Pekee

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa Januari, barabara itokayo Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma hujaa magari yaliyobeba vitanda, makochi, sufuria na kuku waliofungwa miguu. Hao ni walimu, askari, makarani wa benki na wauguzi waliopata uhamisho. Kwa kuwa safari yenyewe ni fupi, aghalabu anayehama hudhani anabadilisha nyumba tu. Mimi pia nilidhani hivyo.

Nilizaliwa na kulelewa Kitale. Nilipohamia Bungoma kufungua kliniki, mizigo yetu ilifika jioni mvua ikinyesha. Tulitafuta godoro, tukatafuta sufuria ya chai, tukalala. Vyandarua vilikuwa ndani ya gunia fulani, na kwa karibu majuma mawili hakuna aliyejisumbua kuvitoa. Juma la tatu binti yetu, wakati huo akiwa na miaka minne, alishikwa na homa. Mimi, daktari mzima, nilisema ni uchovu wa safari. Usiku wa pili alipatwa na degedege. Ilikuwa malaria kali. Alipona, namshukuru Mungu, lakini muuguzi aliyetupokea aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Daktari, mlihamia hapa lini?"

Leo nataka kila mgonjwa aulizwe swali hilo.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko karibu mita 1,400. Kiini cha malaria huhitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Penye baridi hukua polepole, na mbu wengi hufa kabla hakijakomaa. Ndiyo sababu Trans Nzoia huhesabiwa pamoja na nyanda za juu ambako malaria huzuka kwa vipindi, ilhali Bungoma imo katika ukanda wa Ziwa Viktoria ambako maradhi haya yapo mwaka mzima.

Mtu aliyekulia Bungoma na kuugua mara nyingi utotoni hujenga kinga kiasi. Haimzuii kuambukizwa, bali humpunguzia makali. Aliyekulia Kitale hana kinga hiyo. Tena, kinga yenyewe haidumu. Mzaliwa wa Bungoma aliyeishi miaka kadhaa Nairobi, Doha au London huipoteza kidogo kidogo. Huyu ndiye hurudi nyumbani wakati wa Krismasi, au Agosti ya mwaka wa shufwa kwa sherehe za tohara za Wabukusu, akalala sebuleni kwa nyanya bila chandarua huku akisema, "Mimi ni mtu wa hapa." Mbu hasomi kitambulisho.

Anayenitia hofu zaidi ni mama mjamzito. Katika kaunti zenye malaria ya mwaka mzima, kama Bungoma, mama hupewa vidonge vya SP kliniki kuanzia mwezi wa nne wa mimba, kisha tena na tena kwa kupisha angalau mwezi mmoja. Kitale dawa hiyo haitolewi kwa kawaida. Basi mwalimu anayehamishwa akiwa na mimba ya miezi mitano hufika na kijitabu kisichoonyesha SP hata mara moja, na asiposema ametoka wapi, huenda akapitwa. Malaria ya mimba huweza kumpunguzia mama damu, kumfanya ajifungue mtoto mwenye uzani mdogo, au kuitoa mimba. Mama anayetumia septrin kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hapaswi kupewa SP, kwa hivyo na hilo aliseme. Mwenye mtoto mchanga naye aulize kuhusu chanjo ya malaria, ambayo Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za kwanza kuitumia tangu 2019.

Usidhani anayepanda kutoka Bungoma kwenda Kitale amesalimika. Yeye hukutana na baridi, hasa miezi ya Juni na Julai. Hujifungia chumbani na jiko la makaa ili apate joto. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua familia nzima usingizini. Jiko lipikie nje, lizimwe, na blanketi la pili linunuliwe. Ni rahisi kuliko jeneza.

Sasa chakula. Wageni wengi huniuliza kama mrenda, saga na ugali wa wimbi vitawaumiza tumbo. Hasha! Mboga hizo zina madini na vitamini kuliko kabeji uliyoizoea. Aliyetoka pwani au Nairobi naye huogopa mursik anapofika Kitale, ingawa maziwa hayo ni salama yakitayarishwa kwa usafi kutokana na maziwa yaliyochemshwa. Nina maonyo mawili tu. Kwanza, ikiwa kamba au kaa wa baharini hukuletea vipele au kukuvimbisha midomo, jihadhari na kumbikumbi, kwani mwili huweza kuwakataa vivyo hivyo. Pili, mwenye ugonjwa wa figo aepuke munyu wa kienyeji utokanao na majivu.

Kinachoumiza tumbo la mgeni mara nyingi ni maji. Kabla ya kulipa kodi, tazama kisima kiko umbali gani na choo. Kikiwa karibu, tafuta nyumba nyingine. Hata kikiwa mbali, chemsha maji ya kunywa au yatie dawa.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, au anayetumia dawa za kupunguza virusi asihame na mfuko mtupu. Aombe barua ya kliniki na dawa za kutosha mwezi mmoja au miwili. Nimepokea wazee waliopooza upande mmoja kwa sababu vidonge viliisha katikati ya shughuli za kupanga nyumba.

Hapa ndipo ninapowalaumu waajiri. Mgeni anayekuja Kitale kutoka Marekani, Uingereza au Korea kufanya kazi ya kujitolea hufika amechanjwa homa ya manjano na homa ya matumbo, ana dawa za kuzuia malaria mkobani na ameelezwa maji ya kunywa yatatoka wapi. Sisi humcheka kwa woga wake. Lakini mwalimu wetu hupewa barua yenye tarehe ya kuripoti, basi. Mwaka 2018 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipoanza kuwapeleka walimu wengi mbali na kwao, mjadala ulikuwa juu ya ndoa, nyumba na nauli. Afya haikupewa uzito wake. Ni gharama gani kuambatanisha na barua ya uhamisho ukurasa mmoja wa ushauri na chandarua chenye dawa? Siku moja ya mfanyakazi kulazwa hospitalini hugharimu zaidi.

Mpaka waajiri watakaposikia, jitetee mwenyewe. Vyandarua viwe vitu vya mwisho kupakiwa na vya kwanza kufunguliwa; vifungwe kabla ya kitanda kupangwa vizuri. Mtu wa nyumba yako akipata homa, kuumwa na kichwa au kutapika baada ya juma moja tangu mfike, hata miezi kadhaa baadaye, apimwe damu siku hiyo hiyo. Usinunue vidonge kwa kubahatisha. Na ukifika mbele ya daktari, usingoje kuulizwa kama nilivyongoja mimi. Mwambie: "Nimehamia hapa majuzi, na nimetoka mahali fulani."