Mnamfunza manju, daftari analishika nani?

Manju wetu, kiongozi na mtunzi wa kikundi chetu cha ngoma, aliporudi kutoka semina mjini, mwaka juzi, alishuka kwenye Hiace pale Kisesa akiwa na mkoba mpya wa kitambaa, kalamu mbili, na cheti chenye jina lake kilichotiwa kwenye plastiki. Siku tatu alikuwa hotelini Mwanza akifundishwa uongozi na mipango mkakati kwa wakuu wa taasisi za sanaa. Mimi ndiye mtunza hazina wa kikundi, kwa hiyo nilimngoja kwa hamu. Nikamuuliza, "Mzee, wamefundisha nini?" Akafikiri kidogo. "Mayu, wamesema tuwe na dira." Nikamuuliza dira yenyewe iko wapi. Akaugusa mkoba.

Mzee huyo si wa kuchekwa. Ana uwezo wa kusimama kwenye jua la saa nane mchana, akatunga wimbo papo hapo kuhusu bei ya mbolea na uwanja mzima ukaitikia. Ngozi ya ngoma ikianza kulegea, yeye huisikia kabla mpigaji hajaisikia. Lakini kusoma anasoma kwa shida, na hesabu za kikundi hajawahi kuzishika hata siku moja, maana ninazo mimi. Barua ya mwaliko ilisema kiongozi mmoja kwa kila kikundi, basi akaenda yeye. Waandaaji sitawataja. Nia yao ilikuwa njema, na chakula, kwa maelezo ya manju, kilikuwa kizuri sana.

Nina ugomvi mmoja tu na mafunzo ya namna hii: wanaitwa watu wasiohusika na kinachofundishwa, halafu wanaitwa mbali na mahali kazi inapofanyika. Nasema hivi kwa sababu nimeona namna nyingine. Mwaka 1985 niliajiriwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, muda si mrefu baada ya vyama vikuu vya ushirika vilivyofutwa 1976 kurudishwa. Kanda hii ya Ziwa ina historia ndefu ya mizani. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa hapa, wakiongozwa na Paul Bomani, walichoka kupunjwa uzito na wanunuzi, wakajipanga kuuza wenyewe, na mwaka 1955 wakaunda shirikisho la vyama vyao, lile la Victoria. Ushirika ulielewa mapema kwamba mwenyekiti hata awe msemaji hodari namna gani, anayeshika stakabadhi ni karani. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza 1963, na mafunzo yake hayakuishia kwa wenyeviti. Mimi nilifundishwa safu za mapato na matumizi nikiwa huku huku mkoani, kwa kutumia daftari la chama changu mwenyewe, likiwa na makosa yangu mwenyewe. Mwalimu aliweka kidole kwenye mstari na kuniuliza, "Hii elfu moja na mia mbili ilikwenda wapi?" Sijalisahau swali hilo hadi leo.

Najua utaniambia ushirika nao uliliwa. Uliliwa kweli, nilikuwepo. Lakini wizi tuliujua kwa sababu kulikuwa na stakabadhi za kulinganisha. Kwenye vikundi vyetu vya ngoma hatuna hata uhakika kama tumeibiwa.

Na usidhani Wasukuma tulingoja semina ndipo tujue kuendesha taasisi ya sanaa. Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana, na kutokana nao tukapata vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo hadi leo vinaligawa eneo lote hili kuliko Simba na Yanga. Utaratibu wa mashindano ni rahisi na hauna huruma. Pande mbili zinacheza wakati mmoja, zimeelekeana, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Jaji hapewi bahasha, kwa sababu jaji ni miguu ya watu. Ndiyo maana kila upande ulikuwa na dawa zake za kuvuta watu, na manju wa siku hizo alifikiria kitu kipya cha mwaka huu tangu mwaka jana: nyoka, fisi, sanamu, mbinu ya kurusha jembe.

Upande wa fedha vilevile. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kazi, wakamchagua kiongozi, nsumba ntale. Asiyefika shambani alitozwa faini. Aliyetaka shamba lake lilimwe aliwapa chakula, mbuzi, au ng'ombe kwa kazi kubwa, na ngoma ya bugobogobo ilichezwa humo humo shambani, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa ruzuku. Ilitoka kwa jirani, na jirani aliiona faida yake kabla jua halijazama.

Mwanangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia kwenye simu habari za Mmarekani mmoja, Michael Kaiser. Huyu bwana mwaka 1991 alikabidhiwa kampuni ya dansi ya Alvin Ailey ya New York ikiwa hoi kwa madeni, akaiinua. Baadaye akaenda Royal Opera House ya London, na kuanzia 2001 hadi 2014 aliongoza Kennedy Center ya Washington, ambako alianzisha taasisi ya kufundisha viongozi wa sanaa. Anachosema ni kwamba fedha zikipungua wengi hukimbilia kupunguza maonyesho na matangazo, na hapo ndipo hujimaliza. Kazi nzuri iliyotangazwa vizuri huleta watu, watu huleta fedha, fedha hurudi kwenye kazi. Nilisoma nikacheka peke yangu jikoni. Ngika na Gumha wangemkaribisha Kaiser kinywaji, wakamuuliza yeye ni wa upande gani.

Kwa hiyo tunajua kuvuta umati. Tusichokijua ni kuuza kwa mtu mmoja mwenye gari na miwani ya jua. Shambani bei ilikuwa inajulikana. Mjini bei ni maneno.

Nifungue kaunta buku niwaonyeshe. Ukurasa wa 31, sherehe moja mjini, mwenyeji wake atabaki siri yangu. Tuliahidiwa shilingi 600,000. Canter kwenda na kurudi, 150,000. Chakula cha watu 24 kwa 3,000 kila mmoja, 72,000. Ngozi mpya ya ngoma kubwa, ile ya zamani ilipasuka mazoezini, 60,000. Vocha za simu za kuwafuatilia wachezaji, 5,000. Malipo ya wachezaji, 10,000 kila mmoja, 240,000. Jumla 527,000. Tungebaki na 73,000, si haba. Tulichopewa mkononi usiku ule ni 400,000, na nyingine "wiki ijayo, mama, usijali." Wiki ijayo hiyo haijafika. Ikabidi wachezaji wachukue 5,000 badala ya 10,000, wakanung'unika Canter nzima kutoka Mabatini hadi Kisesa. Hata hivyo zilipungua 7,000, nikazitoa kwenye pochi yangu, na ukurasa ule nimeupigia mstari mwekundu.

Na hapo sijaandika njuga zilizokatika, siku mbili za mazoezi ambazo watu hawakwenda kupalilia, wala mavazi ambayo binti mmoja wa Igoma alikesha akiyashona. Nilipoyatia yote, nikagundua kumbe gharama yetu halisi inapita 700,000. Tulikuwa tunalipia sherehe za matajiri kwa jembe letu. Hilo halikuonekana kwa miaka yote, kwa sababu hakuna aliyekaa na daftari akajumlisha.

Tulipiga kura. Sasa bei ni hiyo tuliyoikokotoa, inaandikwa kwenye karatasi yenye muhuri, na nusu inaingia kwenye lipa namba ya kikundi kabla dereva hajawasha gari. Mwanzoni tulipoteza wateja. Manju alinikasirikia majuma matatu, akasema nimegeuza ngoma kuwa duka la saruji. Kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja, na hawa wanafika kwa wakati, maana mtu aliyelipa nusu anakuthamini kuliko aliyekualika.

Kazi yote ya kukokotoa gharama ilinichukua jioni nne. Mwalimu mzuri angeifanya na kikundi kwa siku moja, kama angefika na kuomba kuona daftari badala ya kuomba tuandike dira. Halafu ningemwomba abaki siku ya pili kwa jambo linalonitisha zaidi, kwamba manju wetu ana miaka 71 na nyimbo zimo kichwani mwake. Hapa jirani, Bujora, tuna mfano wa mtu aliyelifikiria hilo. Padri David Clement, Mkanada tuliyemwita Fumbuka, alikusanya ngoma, viti vya watemi na dawa za Bagika na Bagalu, akaunda kamati ya utafiti ya Wasukuma wenyewe, na makumbusho yakafunguliwa 1968. Alifariki 1986. Makumbusho bado yapo, na Bulabo, tamasha letu la ngoma, inachezwa kila mwaka, kwa sababu kulikuwa na watu wengine waliojua kwa nini vitu vile viko mle. Kikundi changu kikimpoteza mzee wetu kesho, tutabaki na mkoba wa kitambaa.

Wanaosema tatizo ni ufadhili nawaheshimu, ila watazame pwani. Sauti za Busara ya Zanzibar ni tamasha lenye jina Afrika nzima, lina watu waliobobea, na bado mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Walirudi 2017. Walikuwa na hesabu za kuonyesha, wakajua wamepungukiwa kiasi gani na wamwendee nani. Sisi huku tukipungukiwa tunaacha kucheza, basi, na mwaka unaofuata watu wanauliza kile kikundi cha Kisesa kilikufa?

Hata fedha za karibu zinaomba daftari. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mpango ulisimamishwa 2023, ukarejea 2024. Kikundi chetu kina wanawake 13. Nilipokwenda kuuliza, niliulizwa katiba, akaunti ya benki, na maelezo ya namna tutakavyorejesha. Dira hawakuiulizia.

TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, inafundisha sanaa tangu ilipokuwa chuo cha kawaida mwaka 1981, na siwapunguzii heshima. Lakini kutoka hapa hadi kwao ni zaidi ya kilomita 1,000, na mwenye ng'ombe hawezi kuwaacha mwezi mzima. Walimu wapande basi, waje ziwani. Waje baada ya mavuno ya pamba kuuzwa, watu wakiwa na nafasi na fedha kidogo. Waite watatu kutoka kila kikundi: manju, mtunza hazina, na kijana ambaye manju mwenyewe amemchagua. Kitini kiwe cha Kiswahili cha watu, na mfano wa hesabu uwe Canter na ngozi ya ngoma. Cheti si lazima. Vyeti tunavyo.

Barua nyingine ya mwaliko imefika wiki hii, kutoka kwa waandaaji tofauti. Kiongozi mmoja kwa kila kikundi, siku tatu, hotelini. Tarehe walizoweka ni wiki ya Bulabo yenyewe, wakati manju anatakiwa uwanjani tangu alfajiri na wapinzani wetu wameshaanza kutamba kwamba mwaka huu wana chatu wawili.

Nimewajibu. Nimewaambia manju hatakuja, ila wao wanakaribishwa Kisesa wiki inayofuata, mwembe upo, kaunta buku zote sita zitakuwa mezani, na mjukuu wa manju, binti wa miaka 19 anayejua nyimbo zaidi ya arobaini, atakaa mbele. Bango kitita walete wakipenda. Bado hawajajibu, lakini mzee ameshawaambia vijana wafagie chini ya mwembe.