Mwananchi si amotisere ya inchi

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, wa Kolwezi, wa Likasi na wa kila muji wa Kongo,

Kila mara bei ya kobalti inashuka, tunasikia neno moja kwenye redio: volatilite. Kazi imesimama? Volatilite. Feza ya provensi imepunguka? Volatilite ya soko la dunia. Linasemwa kwa sauti ya maziko, kama vile ni mapenzi ya Mungu na hakuna mutu wa kuulizwa. Sisi tuko na diplome ndani ya sanduku na kazi hatuna. Angalau tulifungue neno hili pamoja, juu neno usilolielewa linaweza kukufunga mudomo.

Linatoka kilatini, kwenye kitendo cha kuruka kama ndege. Wakemia wanalitumia kwa vitu vinavyogeuka mvuke upesi. Muulize kadafi anayeuzisha esansi kando ya barabara: akisahau kufunga bido, jioni kipimo kimepunguka na hakuna mwizi aliyepita. Mazutu haina haraka ile. Na mahali pia panahesabika: kando ya bahari maji yanachemka kwa digrii 100, lakini hapa Lubumbashi, kwenye urefu wa metre karibu 1.200, yanachemka kwa digrii karibu 96. Maji ni yale yale, ila hewa inayoyakandamiza ndiyo nyepesi. Wakemia hawakuishia kusema "esansi inaruka, tufanye nini?" Wanapima nguvu ya mvuke wake, wanabadilisha mchanganyiko kufuata baridi ao joto, na wanatengeneza tanki yenye kufungwa muzuri.

Wahandisi wa ordinatere wako na neno lile lile. Kuna kumbukumbu ambamo kazi yako inakaa wakati unaandika: umeme ukikatika, yote yanapotea. Kila mwanafunzi aliyeandika TFC yake wakati wa delestaje anajua uchungu ule. Lakini wahandisi hawakutuambia tuzoee. Waliweka disiki inayolinda maandishi bila umeme, programu inayojilinda yenyewe kila dakika chache, na batri ya kukupa muda wa kufunga kazi.

Mufano mwingine uko karibu na sisi: bwawa la Nzilo, juu ya muto Lualaba, karibu na Kolwezi. Mvua ya Katanga inanyesha miezi fulani, kisha kunakauka kabisa. Kama mashini zingefuata mvua tu, tungekuwa na umeme wakati wa masika na giza wakati wa kiangazi. Bwawa haliwezi kuamuru mvua. Linachofanya ni kuweka maji ya masika kwa ajili ya kiangazi.

Sasa tuje kwenye feza. Mwaka 1900, Mufaransa Louis Bachelier alitetea teze yake Paris. Alieleza mwendo wa bei za borsa kwa hesabu za bahati, miaka 5 kabla Einstein hajatumia hesabu za namna ile kwa vumbi linalocheza ndani ya maji. Mwaka 1982, Mumarekani Robert Engle alionyesha kwa hesabu kitu ambacho mama wa soko anakijua: siku za fujo zinafuatana, na siku za utulivu zinafuatana. Mwaka 2003 alipewa zawadi ya Nobel ya uchumi. Leo volatilite ya bei ni namba: unachukua mabadiliko ya kila siku, unahesabu yanaachana kiasi gani na wastani wake. Namba ile haitakuambia kama kesho bei itapanda ao itashuka. Inakuambia ukubwa wa hatari, ili ujitayarishe.

Basi tupime yetu. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani. Mwezi wa 3 wa 2018, tani moja ilifika karibu dola 95.000 kwenye soko la London. Mwaka 2019 ikashuka chini ya 30.000. Mwaka 2022 ikapanda mpaka karibu 80.000. Mwanzo wa 2025 ilikuwa karibu 21.000. Juu, chini, juu, chini, ndani ya miaka 7. Jambo likijirudia hivi, haliko tena ajali. Ni masika na kiangazi. Bwawa liko wapi?

Tarehe 22 mwezi wa 2 wa 2025, serikali ilisimamisha kupeleka kobalti inje. Mwezi wa 10 ikaleta kota, na kabla ya mwaka kuisha bei ilizidi mara mbili. Tunasema wazi: hii ilionyesha kama volatilite haiko mapenzi ya Mungu. Mwenye bomba anaweza kulishika. Lakini kushika bomba haiko kujenga bwawa. Katika miezi ile ya kungojea, kampuni kubwa ziliweza kulimbika mali kwenye depo. Mutu anayechimba kwa mikono analimbika nini? Yeye anauzisha leo juu watoto wanakula leo.

Hapo ndipo tunarudi kwa yale maji ya digrii 96. Mushituko wa bei ni ule ule kwa wote, lakini asiye na akiba anachemka mbele. Kampuni iko na banki. Serikali inaweza kukopa. Mama anayenunua unga kwa meka, anayekula kwa kadogo kadogo, hana kitu cha kumulinda. Tulipozaa franka mwaka 1998, dola moja ilikuwa chini ya franka 2. Mwaka 2024 ilifika karibu franka 2.800. Kila pigo la njia hii lilipita kwanza kwenye sahani ya bukari. Na mwishoni mwa 2025, franka ilipopata nguvu ghafla, wenye duka wengi walibakia na bei ya zamani. Bei inajua kupanda kwa mbio. Kushuka, inatembea kwa magoti.

Kila chaufa anajua: barabara ikiwa na mashimo, gari linahitaji amotisere. Inchi yetu inaendeshwa kwenye mashimo bila amotisere, na mwananchi ndiye amewekwa chini ya gari.

Watatuambia inchi maskini haiwezi. Chile, inchi ya shaba sawa sisi, ilianza mwaka 2001 kufuata kanuni: matumizi ya serikali yasifuate bei ya shaba ya leo, yafuate bei ya muda murefu inayokadiriwa na wataalamu. Mwaka 2007 ikaweka mufuko wa kutuliza uchumi. Shaba ilipoanguka mwishoni mwa 2008, akiba ile ilitolewa kusaidia kazi na jamaa maskini.

Sisi tuko na mwanzo. Sheria ya madini iliyobadilishwa 2018 inatenga 10% ya redevansi kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Lakini mufuko ule ni wa siku madini yatakapoisha. Haukutengenezwa kwa siku bei inaanguka.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, hesabu za mufuko wa vizazi vijavyo zitangazwe kila mwaka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobakia. Pili, bunge lipige sheria ya mufuko wa kutuliza: bei ikipita kiwango fulani, sehemu iingie, ikishuka chini ya kiwango, itoke, na kiwango kiandikwe ndani ya sheria, kisitegemee moyo wa waziri. Tatu, siku serikali inafunga bomba, wachimbaji wa mikono wawe na namna ya kuishi iliyopangwa mbele ya kufunga.

Na wewe kijana uliyesoma hesabu, uchumi, kemia, ufundi, na leo uko shomeri sawa sisi: chukua bei za kobalti, chukua kiwango cha franka, hesabu, weka kwenye telefone ya kila mutu. Wakija tena na neno lao, tuwajibu kwa namba, tuwaulize: akiba iko wapi?