Kurasa 700 za uchawi: Tamu, lakini noma ipo!

Wiki hii mtu wenu nimedata na kitabu, tena si cha mapenzi! Kinaitwa 'Mage: The Ascension', kitabu cha sheria za mchezo wa kuigiza mkiwa mmekaa mezani, na wahusika ni wachawi wa zama hizi. Kampuni ya White Wolf ya Marekani ilikitoa mwaka 1993. Nililonalo mimi kwenye simu ni toleo la kuadhimisha miaka 20, la 2015. Karibu kurasa 700, jamani!

Mmoja anasimulia, wengine kila mtu na mhusika wake. Mhusika akitaka kufanya uchawi, unarusha kete zenye nyuso kumi. Huku Zagayu kete hizo hakuna, tukaandika namba 1 hadi 10 kwenye vikaratasi, tukawa tunachota kwenye kikombe na kurudisha. Mambo yakaenda.

Utamu wake uko kwenye kanuni moja: dunia iko vile wengi wanavyoamini. Ukitoa moto mkononi mbele za watu wasioamini, unakurudia mwenyewe. Ukiita mvua wingu likiwa limeshatanda, poa tu, watasema bahati. Msukuma hapo hafundishwi. Bagalu na Bagika wanashindana ngoma, kila upande na dawa yake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi.

Kasoro? Wachawi wa Kizungu wamegawiwa makundi kadhaa, ila waganga wa jadi wa Afrika na wa mabara mengine wamejazwa kapu moja, Dreamspeakers. Mfumu wetu hapo hajioni.

Noma ilikuja Jumamosi. Nilikuwa nasimulia kijiji kinachomshuku bibi kizee mwenye macho mekundu. Mshikaji mmoja akadakia: "Kama wengi wanaamini ni mchawi, si basi ni mchawi? Sheria ndiyo inasema!"

Kijiwe kimya. Wote tunajua kwamba miaka ya 1990, Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, vikongwe waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni. Bibi yangu anayo macho hayo hayo.

Nikarudi kitabuni. Uwezo huo huamka ndani ya mtu mwenyewe, umati hauwezi kumpachika. Nikatoa hukumu: bibi si mchawi, na mna usiku mmoja tu wa kumtoa kijijini akiwa hai. Tulicheza mpaka saa nne usiku, na yule yule mshikaji ndiye aliyembeba mgongoni.

Nakipa 7 kwa 10. Kiingereza chake kigumu na sheria ni nyingi kupita kiasi. Ukiwa msimuliaji, soma vizuri hapo pa imani ya wengi kabla hujawaita washikaji mezani.

Tukutane wiki ijayo, na bibi zenu muwapelekee kuni kavu!