Mnunuzi wa programu adai orodha ya maktaba

Mfanyabiashara anayenunua programu ya hesabu za duka hununua pia kazi ya watu asiowajua. Katika lugha ya Java, mtengenezaji huagiza maktaba zilizoandikwa na wengine kwa kuzitaja katika mistari michache tu. Gharama hupungua. Lakini Desemba 2021 ilitangazwa kasoro katika Log4j, maktaba ya bure ya kuweka kumbukumbu, iliyowapa wezi njia ya kuendesha amri zao katika kompyuta za wengine. Makampuni mengi hayakujua hata kama yanayo.

Kwa maoni yetu, kabla ya kulipa, mnunuzi adai orodha ya maktaba zote na matoleo yake, na mkataba utaje atakayezirekebisha. Mzigo usio na hati haupokelewi ghalani. Programu nayo isipokelewe.