Mwalimu Asome kwa Jasho la Nani?

Ndugu wanachama, kila likizo ikikaribia walimu wetu huletewa matangazo chungu nzima. Kozi hapa, semina pale, cheti cha hiki na diploma ya kile. Matangazo hayo huitwa nafasi za masomo, na mwalimu hutakiwa ashukuru. Sisi hatupingi mwalimu kusoma. Mwalimu aliyeacha kusoma ni hasara kwa watoto wetu. Twapinga jambo moja, na twalitaja wazi: mwalimu wa Serikali kuamriwa kusoma, kisha aambiwe atie mkono mfukoni mwake alipe.

Tukumbushane. Mwaka 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ilitangaza mafunzo ya lazima kwa kila mwalimu wa Kenya. Wakufunzi wakawa vyuo vikuu vya Kenyatta, Mount Kenya na Riara, pamoja na KEMI, taasisi ya usimamizi wa elimu. Mafunzo yaligawanywa sehemu sita, kila sehemu miaka mitano, na ada ikawa shilingi 6,000 kwa mwaka. Hebu pigeni hesabu. Ni miaka 30 na shilingi 180,000. Kijana aliyeanza akiwa na miaka 25 atamaliza ana 55, mvi kichwani, bado analipa ada kama mtoto wa sekondari!

Tena walimu walioajiriwa na Tume wamepita laki tatu. Kila mmoja akitoa 6,000, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 1.8 kwa mwaka mmoja. Biashara ya namna hiyo, ambayo mnunuzi hawezi kukataa, ni mfanyabiashara gani asiyeitamani? Hatusemi vyuo hivyo havina wakufunzi wazuri. Twasema mwalimu si ng'ombe wa kukamuliwa.

Na ni nani aliyefanya masomo hayo yahitajike? Si mwalimu. Serikali ndiyo iliyoleta mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini ya nchi nzima Januari 2019. Walimu waliolelewa katika 8-4-4 wakapewa semina za siku chache, wakarudishwa darasani wakahangaike. Januari 2023 likaja darasa la saba la sekondari ya chini, na mwalimu akajikuta mbele ya masomo ambayo hayakuwapo alipokuwa chuoni. Askari akibadilishiwa bunduki, je, hukatwa mshahara ili afundishwe kuilenga? Hatujapata kusikia.

Wako wasemao kwamba Serikali haina fedha. Basi na waende Kabete. Pale mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School, iliyowafunza walimu wa kwenda kuzisaidia shule za vijijini, na fedha za Carnegie kutoka Marekani zikasaidia. Nia ya mkoloni twaijua. Hakutaka Mwafrika asome zaidi ya jembe na nyundo. Lakini hata yeye alitambua kwamba mwalimu wa kijijini haachwi peke yake. Mwaka 1961 mahali hapo pakageuzwa chuo cha maofisa wa utawala, na tangu 2012 panaitwa Kenya School of Government. Leo maofisa hupelekwa pale na ofisi zao, na ofisi hulipa. Uwanja ulioanza kwa ajili ya mwalimu sasa wamlea karani na mkuu wake, naye mwalimu aambiwa ajitafutie. Loo!

Wengine, nao ni wajanja zaidi, hututajia Githunguri. Ati wazee walichanga wenyewe, mbona walimu wa leo wanalia? Ni kweli walichanga. Mwaka 1939 shule huru zilikuwa na haja ya walimu, na wananchi wakajenga chuo chao cha ualimu chini ya Mbiyu Koinange, marika yakishindana kutoa. Lakini waliochanga walikuwa watu wote, mkulima na mchuuzi, mwenye mtoto na asiye naye. Hawakumwachia mwalimu mzigo peke yake. Tena walichanga kwa sababu Serikali ya siku zile haikuwa yao. Ndiyo iliyokuja kukifunga chuo hicho mwaka 1952. Je, Serikali ya leo nayo si yetu? Kama ni yetu, kodi tunayotoa ndiyo mchango wetu, na mwalimu amekwisha kukatwa yake kabla hajaushika mshahara.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1998 Serikali zetu na ya Japan zilianzisha SMASSE kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Walimu waliitwa wakati wa likizo, wakafundishana mbinu, na gharama ikabebwa na Serikali hizo mbili na fungu kutoka karo za shule. Kulikuwa na manung'uniko ya posho, twakumbuka, lakini mwalimu hakutozwa ada ya kila mwaka.

Kwa hiyo kila tawi limwite mbunge wake kabla ya bajeti ya Juni. Aulizwe mbele ya watu: katika makadirio ya TSC, fungu la mafunzo ya walimu kazini ni shilingi ngapi, na yeye alipiga kura gani juu yake mwaka uliopita? Asijibu kwa hadithi. Jibu lake liandikwe na katibu wa tawi, litiwe sahihi, litumwe kwetu, nasi tutalichapa humu neno kwa neno pamoja na jina la jimbo.