Kabla ya kumwongezea mtoto tuisheni, hesabu saa anazolala

Hivi karibuni mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka 14, mwanafunzi wa kidato cha pili. Malalamiko yalikuwa matatu: mtoto anaumwa kichwa, anasahau alichosoma, na mwalimu amesema anasinzia darasani. "Daktari, naomba umwandikie vitamini za kuongeza kumbukumbu," aliniambia. "Upimaji wa taifa ni mwaka huu, na mwenzetu hana hata habari."

Nilimpima kijana damu, presha na macho. Vyote vilikuwa sawa. Ndipo nikamwomba anisimulie siku yake tangu anapoamka.

Anaamka saa 10:30 alfajiri ili awahi daladala mbili za kumfikisha shuleni. Masomo yakiisha anaingia tuisheni hadi saa 12 jioni. Kwa foleni za Dar es Salaam, anafika nyumbani saa 2 usiku. Anaoga, anakula, anafanya kazi za shule, kisha anashika simu "kidogo tu". Analala saa 5:30 usiku. Tulihesabu pamoja kwa vidole: saa 5. Mama yake alinyamaza.

Mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila siku. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Hata tukitumia kiwango cha chini, kijana huyu anakosa saa 3 kila usiku. Ikifika Ijumaa amekosa saa 15, karibu usingizi wa siku mbili. Deni hilo halilipwi kwa kidonge.

Wazazi wengi tunadhani mtoto akilala, masomo yamesimama. Sivyo. Wakati wa usingizi ubongo unapanga na kuhifadhi yale yaliyosomwa mchana. Anayekesha na daftari anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatukuambiwa. Mtoto anapobalehe, homoni inayoleta usingizi huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo. Ndiyo maana usiku yuko macho na alfajiri humwamshi hata kwa kumwagia maji. Hilo ni badiliko la mwili. Tukimwita mvivu tunamwonea, na tukimwachia simu kitandani tunaongeza tatizo.

Mama akaniuliza swali ambalo najua wazazi wengi wangeuliza: "Nikimtoa tuisheni halafu akafeli, je?"

Nilimwambia ukweli. Sina dawa ya kumhakikishia ufaulu. Lakini saa 2 za tuisheni kwa mtoto anayesinzia ni nauli na ada zilizopotea. Sipingi tuisheni yenyewe. Napinga ile inayolipiwa kwa usingizi wa mtoto. Tukakubaliana abaki na ya Jumamosi tu, kwa somo linalomsumbua zaidi. Siku za shule atafika nyumbani saa 11 jioni, amalize kazi zake kabla ya chakula, na saa 2:30 usiku awe kitandani. Simu italala chumbani kwa mama. Siku za mwanzo atagaagaa, lakini mwili huzoea muda usiobadilikabadilika.

Si kila mtoto anayerudi nyuma darasani amekosa usingizi. Na hapa najisema mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimgombeza binti yangu kwa kunakili vibaya kutoka ubaoni. Kila jioni nilimwambia hayuko makini. Siku moja tukiwa barabarani nikamwomba anisomee kibao cha duka lililokuwa ng'ambo. Akaniuliza, "Mama, kibao gani?" Mimi ni daktari, na nilikuwa nimemgombeza muhula mzima mtoto asiyeona mbali.

Jaribio hilo halina gharama. Mwambie mtoto asome kibao ambacho wewe au nduguye mnakisoma vizuri, kwanza kwa jicho moja, kisha jingine. Akishindwa, mpeleke kliniki ya macho. Na si kweli kwamba miwani huharibu macho ya mtoto, inamwezesha kuona. Sikio linalotoa usaha nalo lisisubiri, kwa sababu asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Binti aliyevunja ungo, ambaye hedhi yake ni nzito na anachoka haraka, apimwe wingi wa damu. Nyumbani, chai ya majani isinywewe pamoja na mlo, kwa kuwa inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri.

Mlete hospitali bila kuchelewa kama kichwa kinamwamsha usiku au anatapika asubuhi, kama anakoroma sana hadi pumzi inakatika, au kama mara kwa mara anakodoa macho na kuzubaa kwa sekunde kadhaa bila kusikia anapoitwa.

Wapo wazazi wanaoniambia, "Daktari, mimi niliishia darasa la saba, nitamsaidiaje wa sekondari?" Katika shule nyingi za serikali, mtoto huanza kidato cha kwanza akikutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza, baada ya miaka 7 ya kufundishwa kwa Kiswahili. Wengi wanakariri wasichokielewa. Hapo ndipo mzazi ana kazi kubwa, na haihitaji cheti. Wakati unachambua mchele mwambie, "Hebu nieleze kwa Kiswahili mlichosoma leo." Akikueleza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula hadi ukaelewa, basi ameelewa. Akikwama, amejua mwenyewe pa kurudia. Dakika 15 zinatosha. Usimcheke, na usigeuze mazungumzo kuwa mtihani.

Mzazi mwenzangu, usiku wa leo andika mtoto wako amelala saa ngapi, na kesho andika ameamka saa ngapi. Fanya hivyo kwa wiki moja, kisha jumlisha. Kama hesabu haifiki saa 8 kwa siku, anzia hapo kabla ya kutafuta mwalimu mwingine, na kabla ya kumwita mvivu.

Yule mama aliondoka bila vitamini. Kwenye karatasi niliyompa niliandika ratiba ya kulala. Aliisoma mara mbili, akaikunja na kuiweka kwenye pochi. Kijana aliniaga, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ratiba hiyo inaanza leo.