WAUZAJI WA ROKETI WAMEUNGANA, WANUNUZI JE?

Mwezi wa Aprili 2025 Serikali ya Marekani iligawa kazi ya kurusha satelaiti zake za ulinzi kwa makampuni matatu. SpaceX ilipewa safari 28 kwa thamani ya takriban dola bilioni 5.9. United Launch Alliance, ambayo hapa tutaiita ULA, ilipewa safari 19 kwa dola bilioni 5.4, na kampuni ya tatu, Blue Origin, ikapata safari 7 kwa dola bilioni 2.4. Habari hizo zilipita kwetu kimya kimya, kana kwamba ni mambo ya walimwengu wengine. Sisi tunaona kwamba zinatuhusu, na zinawahusu hasa wale watumishi wa Serikali ambao siku moja watakaa mezani kutia saini mkataba wa kupandisha satelaiti ya Tanzania.

Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza roketi za Wamarekani zinamhusu nini. Mapema Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiikaribia pwani yetu, safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa na wavuvi wakatahadharishwa. Watabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hukifuata kimbunga cha namna hiyo kwa picha za satelaiti tangu kingali mbali baharini. Huku kwetu, juu ya uwanda wa Ufipa, mkulima wa Laela au Matai anayeambiwa kwamba mvua zitachelewa huambiwa kwa msaada wa picha kama hizo hizo. Satelaiti zote hizo ni za wengine.

Jirani zetu wamekwisha kuanza kutafuta za kwao. Rwanda ilipata ya kwake mwaka 2019 kwa msaada wa Wajapani. Uganda ikafuata Novemba 2022, satelaiti yake PearlAfricaSat-1 ikiwa imepakiwa katika chombo cha Marekani kilichopeleka mizigo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kenya ilipandisha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023 juu ya roketi ya SpaceX iliyoondoka California. Serikali yetu nayo ilitangaza mwaka huo huo wa 2023 kwamba imo katika matayarisho. Hakuna hata mmoja kati yetu mwenye roketi. Kila mmoja wetu ni abiria, na abiria hana budi kuwajua wenye chombo.

Tuanze na ULA, kwa maana asili yake ina mafunzo mengi. Katika miaka ya 1990 Jeshi la Anga la Marekani lilitaka roketi mpya zenye gharama ndogo. Hapo kwanza lilikusudia kuchagua mtengenezaji mmoja, kisha likaona ni vyema kulea wawili ili washindane: Boeing na roketi yake Delta IV, na Lockheed Martin na roketi yake Atlas V. Matumaini yalikuwa kwamba biashara ya satelaiti za simu na televisheni ingekua kiasi cha kuwalisha wote wawili. Biashara hiyo haikuja. Roketi zote mbili ziliruka kwa mara ya kwanza mwaka 2002, na tangu hapo zilikuwa na mteja mmoja wa maana, yaani Serikali ile ile iliyozizaa.

Fauka ya hayo, ushindani wenyewe uliingia uchafu. Mwaka 2003 ilidhihirika kwamba ndani ya Boeing mlikuwa na maelfu ya kurasa za siri za Lockheed Martin. Jeshi likainyang'anya Boeing safari 7, na Lockheed Martin ikaenda mahakamani. Mahasimu hao hao, tarehe 2 Mei 2005, walitoka hadharani wakatangaza kwamba wanaunda ubia wa nusu kwa nusu, na kesi yao ikamalizwa. Waliahidi kwamba kwa kuunganisha viwanda na mafundi wangeiokolea Serikali baina ya dola milioni 100 na milioni 150 kila mwaka.

Tume ya Shirikisho ya Biashara, ambayo ni mojawapo ya vyombo vya Marekani vya kuzuia ukiritimba, haikudanganyika. Ilikiri waziwazi kwamba ubia huo ungeua ushindani. Lakini Wizara ya Ulinzi ilishikilia kwamba taifa linahitaji aina mbili za roketi, ili moja ikipata hitilafu nyingine iwepo, na kulikuwa na hofu kwamba soko lilivyokuwa, mmoja wa wawili hao angefunga duka. Hoja ya ulinzi ikashinda hoja ya bei. Oktoba 2006 Tume iliridhia kwa masharti: ULA isimbague mtengenezaji yeyote wa satelaiti, Boeing na Lockheed Martin, ambao wenyewe hutengeneza satelaiti, wasiipendelee roketi ya ubia wao, na siri za mteja zisivuke kutoka mlango mmoja hadi wa pili. Tarehe 1 Desemba 2006 ULA ikaanza kazi.

Tuseme kwa haki. Kazi ya ULA ilikuwa safi. Oktoba 2015 ilitimiza safari yake ya 100 bila ajali ya kupoteza mzigo, na katika biashara ambayo kosa la nati moja huteketeza mamia ya mamilioni ya dola, hilo si jambo dogo. Bei ndiyo iliyokaidi. Serikali ilikuwa ikilipa bei ya roketi, na juu ya bei hiyo ikilipa kila mwaka mamia ya mamilioni ya dola ili kampuni ikae tayari, roketi ziruke zisiruke. Tena Atlas V ilikuwa ikitumia injini iitwayo RD-180, iliyotengenezwa Urusi. Ulipozuka mgogoro wa Crimea mwaka 2014 Bunge la Marekani liligutuka kuona kwamba ulinzi wa taifa, ule ule uliotumiwa kuhalalisha ukiritimba, umeegemezwa juu ya injini ya mpinzani wake. Hapo hakuna aliyejitokeza kueleza zile akiba zilizoahidiwa zilikwenda wapi.

Aliyevunja mzunguko huo alikuwa wa tatu, ambaye wakubwa hawakumhesabu. SpaceX ilikwenda mahakamani Oktoba 2005 kutaka ubia uzuiwe, ikashindwa. Aprili 2014 ilirudi mahakamani, safari hii ikilishitaki Jeshi la Anga lenyewe kwa kununua roketi za ULA kwa jumla pasipo zabuni. Wakapatana Januari 2015, na Mei mwaka huo roketi ya Falcon 9 ikapewa kibali cha kubeba satelaiti za ulinzi. Hapo ndipo bei ilipoanza kuteremka, na ULA yenyewe ikalazimika kupunguza, kuagana na Delta, na kuunda roketi mpya iitwayo Vulcan, iliyoruka kwa mara ya kwanza Januari 2024.

Lakini aliyevunja ukiritimba naye amekua. Mwaka 2024 SpaceX ilirusha roketi zaidi ya mara 130, yaani takriban nusu ya safari zote za dunia nzima kwenda kwenye mzunguko, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikuwa satelaiti za kampuni yenyewe za kuuzia intaneti. Mwenye gari, mwenye barabara na mwenye duka amekuwa mtu mmoja. Ulaya nayo imepita njia inayofanana na hiyo. Airbus na Safran waliunganisha kazi zao za roketi katika kampuni moja inayoitwa ArianeGroup tangu 2017. Roketi yao ya zamani ilistaafu Julai 2023 kabla mpya haijawa tayari, na roketi za Urusi walikuwa wamezikosa tangu vita vya Ukraine mwaka 2022. Matokeo yake ni kwamba Julai 2023 darubini yao iitwayo Euclid ilipanda juu ya Falcon 9. Ikiwa mataifa tajiri ya Ulaya hufika mahali pa kubisha hodi kwa mshindani wao, Dodoma na Zanzibar watapokewa vipi?

Nchi hii ilizaliwa kwa kuungana, kwa hiyo neno hilo halitutishi. Na wazee wa Ufipa wana ushahidi wao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, na mahindi ya uwanda huu yakabaki na mnunuzi mmoja halali, Shirika la Taifa la Usagishaji. Huyo alikuwa mnunuzi, na ULA ni muuzaji, lakini aliye peke yake hupanga bei, awe upande wowote wa mizani. Wako wanaokumbuka magunia yaliyolala ghalani yakingoja lori, na stakabadhi zilizongoja fedha. Wako pia, na hawa hawasikiki sana, wanaokumbuka kwamba bei ilikuwa moja nchi nzima. Gunia la Sumbawanga lilithaminiwa sawa na gunia lililovunwa karibu na Dar es Salaam, na gharama ya njia ndefu ikabebwa na Shirika. Kwa bei hiyo Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa minne mikuu ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Shirika lilizama katika madeni, hilo halifichiki. Bei moja ilipoondolewa, umbali ulirudi juu ya bega la mkulima, na wafanyabiashara wengi waliokuja na malori yao waliukata umbali huo katika bei ya gunia.

Kwa hiyo hatusemi kwamba wengi ni heri na mmoja ni shari. Tunachouliza ni nani anayeweza kulihoji lile shirika moja. La Ufipa lilikuwa la umma, na hasara yake ilijadiliwa Bungeni hata kama ilijadiliwa kwa kuchelewa. Faida ya ULA ni ya wenye hisa, na yule pekee aliyekuwa na nguvu ya kuibana alikuwa mnunuzi mkubwa, yaani Serikali ya Marekani, pale ilipoamua kutumia nguvu hiyo. Mnunuzi mdogo hana nguvu hiyo kabisa.

Nasi Waafrika wa upande huu tumezoea kuwa wadogo kwa kutengana. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa maji yanayotazamwa na Kasanga na Kipili, palikuwa na kiwanja cha roketi. Kampuni ya Ujerumani ya Magharibi iitwayo OTRAG ilipewa na Mobutu eneo la kiasi cha kilometa za mraba 100,000 katika Shaba, kwa mkataba wa kufika mwaka 2000. Eneo hilo ni kubwa kuliko Mkoa wa Rukwa ulivyokuwa kabla ya Katavi kukatwa. Kampuni ilirusha roketi za majaribio mwaka 1977 na 1978, juu ya bonde la mto Luvua, na ya mwisho ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979 ikafukuzwa kwa msukumo wa mataifa mengine. Zaire ilijadiliana peke yake ilipokodisha, na ilikuwa peke yake ilipobanwa.

Pwani ya Malindi, Waitalia walirusha satelaiti 9 baina ya 1967 na 1988 kutoka majukwaa yaliyosimikwa katika ghuba ya Ungwana. Mahali hapo ni pazuri kwa kazi hiyo, kwa sababu karibu na Ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi na kupunguza mafuta. Satelaiti mojawapo iliitwa Uhuru, kwa kuwa ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Satelaiti ilikuwa ya Marekani, roketi ilikuwa ya Marekani, warushaji walikuwa Waitalia. Wakenya walitoa bahari na jina.

Leo wauzaji wameungana au wamebaki wachache, na wanunuzi wa Afrika Mashariki bado wanakwenda mmoja mmoja, kila nchi na wataalamu wake wachache, kila nchi na mkataba wake wa siri. Hilo ndilo la kubadili, nalo liko ndani ya uwezo wetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wanachama wanane. Wakala wa Anga wa Afrika ulizinduliwa Cairo Aprili 2025. Zabuni moja ya satelaiti nne au tano ina uzito ambao ombi la satelaiti moja halina.

Watumishi wanaohusika wayashike mambo machache. Satelaiti isitengenezwe kwa vipimo vya roketi moja tu: ndogo kabisa huingia katika sanduku la vipimo vya kawaida na huweza kuhamishiwa chombo kingine, lakini kubwa hufungwa na kujaribiwa kwa mtikisiko wa roketi maalumu, na hapo ndipo mteja anapofungwa pamoja nayo. Mkataba uruhusu kuhama, ueleze nani analipa safari ikichelewa, na bei yake ifike mbele ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Aidha, utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano, na vivyo hivyo posta na simu. Basi wataalamu wa Zanzibar wawepo tangu rasimu ya kwanza ya zabuni, wasiitwe siku ya kupiga picha.

Makao makuu ya Jumuiya yako Arusha. Ukumbi upo, na mawaziri wanaijua njia. Kinachongojwa ni barua ya kuuitisha mkutano.